Jibu: Je, saa moja inatosha Ryoan-ji, Kyoto?

Saa moja ni finyu kwa Ryoan-ji, hekalu la Kibuddha la Zen huko Japani, ndugu. Tenga moja na nusu. Fika lango linapofunguliwa: saa 2:00 asubuhi, au 2:30 kuanzia Desemba hadi Februari. Makundi ya wageni yakishaingia, baraza la mbao linalotazama bustani hujaa na utulivu hupotea. Viatu huvuliwa mlangoni, kwa hiyo majira ya baridi vaa soksi nene, maana mbao zile huuma nyayo. Bustani ya changarawe ina takribani mita 25 kwa 10 na mawe 15, ila ukiketi popote barazani, angalau jiwe moja hufichwa na mengine. Hama polepole toka ncha hadi ncha uone yanavyobadilishana. Usiishie hapo: nyuma ya jengo kuna beseni la jiwe la kunawia, na chini kuna bwawa la Kyoyochi, ambalo wengi hulipita haraka, hasara kubwa kwa kweli.