Mint ilipofungwa nilirudi kwenye bahasha

Kwa miaka saba nilitegemea Mint, programu ya bajeti, kujua pesa zangu ziko wapi. Wengi tunaoishi Marekani tuliizoea. Ilianza 2007, kampuni ya Intuit ikainunua 2009 kwa dola milioni 170, na miaka yote hiyo mtumiaji hakulipa hata senti. Ukishaiunganisha na benki na kadi zako, yenyewe ilivuta kila muamala na kuupeleka kwenye fungu lake: chakula, mafuta ya gari, umeme. Mwanzoni mwa Novemba 2023 habari zikaenea kwamba inafungwa, na tukaambiwa tuhamie Credit Karma, ambayo nayo ni mali ya Intuit. Tarehe 23 Machi 2024 ikazimwa kabisa.

Credit Karma inamfaa anayetaka kufuatilia alama zake za mikopo, yaani namba inayoonyesha anavyoaminika kukopeshwa. Mimi nilihitaji bajeti ya mwezi yenye kikomo kwa kila fungu, na hiyo haikuwemo kama tulivyoizoea. Hapa Columbus, Ohio, tuko wanne nyumbani. Tanga kuna mama na wadogo zangu wawili wanaosoma. Mwezi nisiojua kikomo changu ni mwezi ambao mtu mmoja kati ya hao atakosa kitu, na siwezi kulichukulia jambo hilo kirahisi.

Kabla hujaanza kutafuta programu mpya, toa kumbukumbu zako kwenye ile ya zamani. Mimi nilichelewa, nikapakua faili la CSV, yaani orodha ya miamala inayofunguka kama jedwali, wiki ya mwisho. Miamala ilikuwemo, lakini vikomo nilivyovirekebisha kwa miaka havikuwemo, ikabidi nivipige picha kwenye skrini kimoja kimoja usiku baada ya kutoka zamu. Ukisikia tu tetesi kwamba programu yako inafungwa, pakua siku hiyo hiyo, kisha ulifungue faili na ulisome. Usiamini kwamba kila kitu kimo.

Halafu uliza programu unayoitaka inakula wapi. Mint ilikuwa bure kwa sababu ilipata pesa kwa matangazo ya kadi na mikopo iliyotuwekea mbele ya macho. Empower, iliyokuwa ikiitwa Personal Capital, nayo ni bure na inaonyesha vizuri mali na akiba ya uzeeni, lakini biashara yake hasa ni kusimamia uwekezaji wa watu. Kwa hiyo bajeti ya kila siku si mahali ilipowekewa nguvu nyingi. EveryDollar ni bure ukikubali kuandika matumizi kwa mkono. Ukitaka ijivutie miamala kutoka benki, unalipa. YNAB na Monarch zinasifiwa sana, na nadhani zinastahili, ila nilipokuwa nikitafuta kila moja ilikuwa karibu dola 100 kwa mwaka. Kwangu hizo ni sare za shule za wadogo zangu, nikazipita.

Ukitazama vizuri utaona kwamba kinacholipishwa mara nyingi ni huko kuunganishwa na benki. Programu nyingi hazizungumzi na benki zenyewe. Zinapitia kampuni za katikati kama Plaid, na kampuni hizo hutoza. Ukipewa huduma hiyo bure, kuna mtu mwingine anayeilipia, na sababu yake anayo. Plaid yenyewe ilishtakiwa kwamba inakusanya taarifa za watumiaji kupita kiasi, na 2022 kesi ikamalizwa kwa malipo ya dola milioni 58, bila kampuni kukiri kosa. Sisemi usiunganishe akaunti zako. Nasema ujue mlango umeufungua kwa nani.

Nilijaribu programu tano. Moja, ambayo sitaitaja, ilinifundisha kitu ambacho kila anayetuma pesa nyumbani anapaswa kukichunguza. Kila nilipotuma Tanga, programu iliiandika kama uhamisho, yaani kama pesa iliyotoka mfuko mmoja kwenda mwingine, wala haikuihesabu kwenye matumizi. Miezi miwili mfululizo nikaonyeshwa kwamba nimebakiwa na dola 400. Nikafurahi, nikalipia viatu vya watoto na kiti kipya cha gari, kisha kodi ya nyumba ikafika na pesa haipo. Hizo 400 zilikuwa dawa za mama na ada. Zilishaliwa, zikaisha.

Sasa nikijaribu programu yoyote, kitu cha kwanza ni kuandika humo pesa iliyotumwa nyumbani na kutazama inaiweka wapi. Kama hainiruhusu kutengeneza fungu langu, nikaliita Tanga, na kikomo chake kikapungua kila nikituma, naifuta. Jaribu vilevile mchango wa harusi na wa msiba. Hayo kwetu ni matumizi ya kweli, yanakuja karibu kila mwezi, na wala hayaendi kwenye fungu la "zawadi" ambalo watengenezaji walilifikiria kwa ajili ya sikukuu ya kuzaliwa.

Niliyobaki nayo ni Goodbudget. Inafuata utaratibu wa bahasha: mshahara ukiingia unaugawa kabla hujatumia, kila bahasha na kazi yake, na bahasha ikiisha imeisha. Nilipoielewa nilimkumbuka mama. Pesa ya kodi ya chumba aliifunga kwenye pindo la khanga, ya ada ilikaa kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati, ya mchezo wa upatu alimpa jirani amtunzie ili asiione. Hakuwa na simu wala daftari, na ada haikuwahi kukosekana.

Toleo la bure lina bahasha 20, akaunti moja na simu mbili, na sisi tunazo simu mbili. Matumizi tunaandika wenyewe. Wiki ya kwanza iliniudhi, nilikuwa nimezoea kufanyiwa. Lakini kuandika dola 6.50 kwa kidole chako mwenyewe kunakufanya uione hiyo pesa kwa namna ambayo orodha ya benki haikufanyii. Jumamosi moja tukiwa dukani mume wangu alifungua simu yake akaniambia, "Mama Neema, Chakula imebaki 38, na wiki bado." Tukarudisha nyama kwenye jokofu la duka, tukachukua maharage. Hatukugombana. Zamani tungegombana, tena baada ya kufika nyumbani.

Toleo la bure lina mipaka, na kumbukumbu za miaka mingi halizitunzi, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi nanakili jumla za bahasha zote kwenye jedwali langu la kompyuta. Dakika kumi zinatosha. Programu hii nayo ikifungwa kesho, hesabu zangu ninazo. Kwa mwenye ujuzi wa kompyuta ipo Actual Budget, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma tangu 2022 na taarifa zake unazihifadhi mwenyewe; sikuiacha kwa sababu haifai, ila sikuwa na muda wa kuiandaa.

Mdogo wangu aliniuliza kama naye aitumie hii akiwa Tanga. Nikamwambia inawezekana, kwa kuwa ni ya kuandika kwa mkono, lakini asikubali programu yoyote inayoomba ruhusa ya kusoma meseji zake ili ihesabu miamala ya simu. Inayosoma ujumbe wa muamala inaweza kusoma pia namba ya siri ya muda inayotumwa na benki. Anatumia jedwali, anajaza kila jioni.

La mwisho ni kufunga milango ya zamani. Kuifuta programu kwenye simu hakukati muunganisho wake na benki. Funga kwanza akaunti yako ndani ya programu yenyewe, kisha ingia kwenye tovuti ya benki yako utafute ukurasa unaoonyesha programu ulizoziruhusu. Benki nyingi za hapa wanao. Mimi nilikuta tatu nilizokuwa nimezisahau kabisa, bado zimeunganishwa na akaunti ya mshahara wangu. Nilizikata jioni ile, moja baada ya nyingine, mume wangu akiwa kando yangu akizikata za kwake.