Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200: zile 400 zinazobaki analipa nani?

Swali

Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Kivule, Dar es Salaam. Binti yangu yuko kidato cha pili katika shule iliyopo Buguruni. Hupanda daladala ya Kivule hadi Banana, hushuka, kisha hupanda nyingine ya kwenda Buguruni, na jioni hurudi kwa njia hiyo hiyo. Hutoka nyumbani alfajiri kukiwa bado giza, lakini kila wiki hakosi siku mbili za kuchelewa, kwa sababu pale Banana makonda humziba mlangoni. Wiki iliyopita alirudi na goti limechubuka baada ya kusukumwa akiwa ameshakanyaga ngazi. Naomba unieleweshe mambo matatu. Je, nauli ya mwanafunzi ni sheria au ni huruma ya konda? Kama ni sheria, mbona inavunjwa mbele ya macho ya watu kila asubuhi? Na je, ni kweli kwamba huko Ulaya vijana hupanda mabasi bure, na kama ni kweli, sisi tunashindwa nini?

Jibu

Mama, pole sana wewe na binti yako. Kazi yangu ni kupanga usafiri wa mijini, na kati ya maswali yote ninayoletewa, hili la mwanafunzi aliyeachwa kituoni ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mtoto hana namna ya kujitetea mbele ya mlango wa daladala.

Swali la kwanza lina jibu fupi. Nauli ya mwanafunzi si huruma ya mtu. Nauli za mabasi ya mijini hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019 na kurithi kazi za usafiri wa nchi kavu zilizokuwa chini ya SUMATRA. Katika viwango vilivyoanza kutumika tarehe 8 Desemba 2023, mtu mzima anayesafiri katika ruti isiyozidi kilomita 10 hulipa shilingi 600, na mwanafunzi hulipa shilingi 200. Mmiliki wa daladala hupewa leseni ya njia kwa masharti, na konda anayemkataa mwanafunzi kwa sababu ya nauli yake anakwenda kinyume cha masharti hayo.

Swali lako la pili ndilo lenye uzito, nami naomba uvumilivu wako nilifungue taratibu, kwa sababu wengi hulijibu kwa kusema kwamba makonda hawana utu, na jibu hilo halijawahi kumpandisha mtoto hata mmoja kwenye gari.

Dereva na konda wengi wa daladala hawana mshahara. Asubuhi huchukua gari la tajiri kwa makubaliano ya kupeleka hesabu, yaani kiasi maalumu cha fedha ambacho lazima kimfikie mwenye gari jioni, iwe mvua imenyesha au foleni imefunga barabara. Mafuta wananunua wao. Kinachobaki baada ya mafuta na hesabu ndicho ujira wao, na kama wamempa deiwaka, yaani dereva au konda wa kushikilia kwa muda, tripu mbili tatu ili wapumzike, naye anataka chake. Kwa hiyo kila siti ya gari lile, machoni mwa konda, ni fedha ambayo ama imepatikana au imekosekana kabla giza halijaingia. Binti yako akikaa, siti hiyo imeingiza 200. Akikaa mtu mzima, imeingiza 600. Wakipanda wanafunzi kumi kwa tripu moja iliyojaa, shilingi 4,000 hazikupatikana, na hakuna ofisi yoyote ambayo konda anaweza kwenda kuzidai. Serikali imeagiza punguzo, lakini gharama ya punguzo haimo katika bajeti ya Serikali, wala tajiri hapunguzi hesabu kwa sababu ruti ina shule nyingi. Punguzo zima limewekwa mabegani mwa watu wawili wenye kipato kidogo kuliko wote katika mnyororo huo, kisha tunashangaa wanapolikwepa.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Usafiri wa jiji ulipokuwa mikononi mwa shirika la umma la Usafiri Dar es Salaam, UDA, hasara ya nauli ndogo ya mwanafunzi ilikuwa ya shirika, na nyuma ya shirika ilikuwapo Serikali. Mwaka 1983 mabasi ya watu binafsi yaliporuhusiwa, nayo yakaitwa daladala kutokana na nauli ya shilingi tano iliyoitwa dala, wajibu wa kumbeba mwanafunzi kwa bei ya chini ulihamia kwao, ila mkono uliokuwa ukiubeba haukuhama nao.

Hapa niongeze jambo ambalo mara nyingi halionekani, kwa sababu kwa sura ya nje linafanana na wema. Mwaka 2013 mtu mzima katika ruti fupi alipangiwa shilingi 400 na mwanafunzi 200, yaani nusu kamili. Mwaka 2022 mtu mzima alipanda hadi 500, mwanafunzi akabaki 200. Desemba 2023 mtu mzima alifika 600, mwanafunzi akabaki pale pale. Mzazi anapolisikia tangazo hilo hushukuru, na ana haki ya kushukuru. Lakini litazame ukiwa umesimama mlangoni mwa daladala: mwaka 2013 konda aliyemwacha mwanafunzi na kumchukua mtu mzima alijiongezea shilingi 200, leo anajiongezea 400. Tumeizuia nauli isipande, na bila kukusudia tumemzidishia konda mara mbili sababu ya kumkataa mtoto. Sisemi nauli ya mwanafunzi ipandishwe. Ninachosema ni kwamba kila pengo linapopanuka lazima apatikane wa kulijaza, na asipopatikana, mtoto hulijaza kwa kuchelewa shule.

Utaona pia kwamba binti yako hana shida sana Kivule, na nadhani hata saa nane mchana hakataliwi. Hilo linathibitisha kwamba tatizo ni hesabu kabla ya kuwa tabia. Kivule gari linaanza safari likiwa tupu, na mchana siti nyingi zinakwenda bila mtu, kwa hiyo 200 ya mwanafunzi ni bora kuliko siti tupu. Banana ni kituo cha katikati ya njia. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi magari yanayotoka Gongo la Mboto hufika yakiwa yamebakiza nafasi tatu au nne, na kituoni wamesimama watu arobaini.

Asubuhi moja nilisimama kituo cha namna hiyo kuyaangalia haya kwa macho yangu. Kijana wa darasa la sita hivi alikuwa ameshika sarafu ya 200, ile yenye simba, ameibana kati ya vidole viwili na kuinyoosha juu ili konda aione kwamba hela ipo. Konda aliiona, akatazama nyuma ya kijana yule, akamshika bega mama mwenye kikapu na kumvuta ndani, kisha akagonga bati mara mbili, gari likaondoka. Magari matano yalipita hivyo. Badala ya kungoja la sita, kijana alivuka barabara, akapanda linalokwenda upande wa pili ili ageuze nalo hadi mwanzo wa ruti, apate siti huko. Wanafunzi wengi hufanya hivyo, na wengi hutozwa safari zote mbili, kwa hiyo ile 200 ya kwenye tangazo huwa 400 kabla hawajaanza kuelekea shuleni.

Tuifanyie hesabu safari ya binti yako. Magari mawili asubuhi na mawili jioni kwa nauli ya mwanafunzi ni shilingi 800 kwa siku, na kwa siku 194 za masomo katika mwaka ni shilingi 155,200. Kama angelazimika kulipa nauli ya mtu mzima, nikichukulia kwamba kila ruti haizidi kilomita 10, ingekuwa shilingi 465,600. Tofauti yake ni 310,400 kwa mtoto mmoja. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita vikaongezwa. Mzazi hadaiwi tena ada mlangoni mwa shule, lakini njia ya kuufikia mlango huo bado inagharimu kiasi ambacho familia nyingi za Kivule hazina. Mtoto wa kike aliyekata tamaa ya daladala na kukubali lifti ya bodaboda anaweza kulipishwa kitu kingine, nawe kama mama unajua ninachokisema.

Sasa kuhusu Ulaya. Ni kweli, ingawa si kila mahali. Huko Scotland, tangu tarehe 31 Januari 2022, kijana yeyote mkazi wa nchi hiyo mwenye umri wa miaka 5 hadi 21 husafiri bure kwa mabasi akiwa na kadi maalumu. London ilitangulia: vijana walio chini ya miaka 16 walianza kupanda mabasi bure mwaka 2005, na wa miaka 16 na 17 walio masomoni wakafuata mwaka 2006. Lakini neno "bure" lisikupoteze, kwani nauli hiyo inalipwa, ila anayeilipa hasimami mlangoni mwa basi.

Njia zao mbili hazifanani. Scotland mabasi ni ya kampuni, na kampuni hufidiwa na Serikali. Kijana anagusisha kadi kwenye mashine, mashine inaandika safari, na kampuni inadai fidia kwa safari zilizoandikwa. Fidia haiwi nauli nzima, kwa sababu baadhi ya vijana wasingesafiri kabisa kama wangetakiwa kulipa. Kusudio ni kwamba kampuni isipate hasara wala faida kutokana na mpango huo. London imekwenda mbali zaidi. Mamlaka ya usafiri ya jiji huipa kampuni mkataba wa kuendesha njia fulani, huilipa kwa huduma iliyotolewa, na nauli zote huwa mali ya mamlaka. Dereva wa London akifungua mlango na kukuta wanafunzi ishirini, mfuko wake hauguswi hata kwa senti moja, na kwa sababu hiyo hana haja ya kuchagua sura.

Kwa maoni yangu njia ya London ndiyo inayotufaa, hata kama itaanza kwa ruti chache. Fidia kwa kila safari inahitaji kumhesabu kila mwanafunzi kwa uhakika, na kwa fedha taslimu zinazoshikwa mkononi mwa konda, hesabu hiyo itachezewa ndani ya mwezi mmoja. Kadi si jambo geni kwetu. Wavukaji wa Kigamboni wamezoea N-Card kwenye kivuko. Hata hivyo, kuweka mashine katika maelfu ya daladala zenye matajiri tofauti ni kazi ya miaka. Kukodi mabasi machache kwa mkataba, yakatembea kwa muda wa saa mbili kila asubuhi na muda kama huo kila alasiri katika ruti zenye shule nyingi, ni jambo ambalo halmashauri inaweza kulianza kwa bajeti inayoonekana, kwa sababu gharama yake inajulikana tangu siku ya kusaini. Lipo pia jambo lisilohitaji fedha nyingi: shule za ukanda mmoja zikipishana saa ya kuanza hata kwa dakika 45, wanafunzi hawatagombania siti zile zile pamoja na wafanyakazi.

Kwa wiki hii na ijayo, nakushauri hivi. Usimlipishe binti yako nauli ya mtu mzima ili apandishwe, kwa kuwa konda akishazoea ataidai kwa wote. Avae sare kamili na awe na kitambulisho cha shule, kwa sababu kwenye daladala vitu hivyo ndivyo vinavyomtambulisha kuwa mwanafunzi. Kila anapokataliwa aandike mambo manne kwenye daftari dogo: tarehe, saa, kituo na namba ya usajili wa gari. Siku ya kusukumwa ni jambo la polisi, si la nauli tu, kwa hiyo kama namba ya gari lile inakumbukwa, itolewe taarifa kituo cha polisi. Haya mengine msiyapeleke mmoja mmoja. Malalamiko ya mzazi mmoja humfikia konda mmoja, naye hubadilisha ruti kwa wiki moja na kurudi. Waombe wazazi wengine wa shule hiyo wafanye vivyo hivyo kwa wiki mbili, muunganishe madaftari, kisha mkuu wa shule ayapeleke LATRA kwa barua, na nakala iende kwa afisa elimu wa wilaya. Barua hiyo iombe jambo moja lililo wazi: mkaguzi asimame Banana kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja na nusu asubuhi, na baadhi ya magari ya kwenda Buguruni yapangiwe kuanzia safari pale pale Banana katika muda huo, yakiwa matupu.