Meli Ikitia Nanga Nje: Namna ya Kufika Pwani Mapema

Msomaji ameniandikia kwa uchungu: meli yao ya kitalii ilitia nanga saa moja asubuhi, naye akakanyaga nchi kavu saa tano na nusu. Anauliza kama walipendelewa wengine. Upendeleo upo, kwani waliolipia matembezi ya pwani yanayouzwa na meli hushuka kwanza. Lakini kilichomchelewesha hasa ni hesabu, na hesabu hiyo kila abiria anaweza kuipiga mwenyewe.

Chukua meli ya abiria 3,000 iliyobaki nje kwa sababu maji ya gatini ni machache au gati limeshajaa. Inashusha boti 4, kila moja ikipakia watu 100. Kupakia, kwenda, kushusha na kurudi ni dakika 40. Boti moja basi huvusha watu 150 kwa saa, zote nne 600, na wa mwisho anafika baada ya saa 5. Mara nyingi boti zenyewe ni zile za kuokolea maisha. Idadi iliyoandikwa ubavuni ni ya siku ya hatari, watu wamebanana bega kwa bega. Siku ya matembezi hupakia pungufu, kwa hiyo usiitumie.

Bandari yenye pilikapilika huirefusha hesabu hiyo. Boti hupunguza mwendo zisitikise vyombo vilivyofungwa, hupisha vivuko na meli za mizigo, kisha hungoja zamu kwenye gati la kuelea. Kizuizi kikubwa kiko hapo. Gati likipokea boti mbili tu na zimekuja meli tatu siku moja, hata boti zikiongezwa foleni haipungui. Tazama ratiba ya meli ya bandari hiyo kabla hujasafiri, ujue siku hiyo zitakuwapo meli ngapi.

Ukishajua, chagua mojawapo: namba za mwanzo za zamu ya kupanda boti, zinazogawiwa melini, au kushuka baada ya msongamano kwisha, wakati namba hazidaiwi tena. Katikati ndipo watu wanapoumia. Ukitaka za mwanzo, fika mahali pa kugawia kabla ya muda uliotangazwa, na kundi lenu lote liwepo, maana wengi hukataa kumpa mtu mmoja namba za wenzake. Kusimama ngazini hakusaidii: hashuki mtu mpaka wakaguzi wa bandari watoe ruhusa.

Hatua ya kuingia botini nisikilizeni vizuri. Boti hupanda na kushuka kando ya jukwaa la meli. Weka mzigo mgongoni, mikono iwe mitupu, umwache baharia akushike kwenye kifundo cha mkono. Kanyaga anapokuambia, boti ikiwa sawa na jukwaa, na usiruke. Usishike ukingo wa boti kwa nje. Vidole husagwa hapo. Mwenye kiti cha magurudumu aulize asubuhi ile ile, kwa sababu mawimbi yakizidi hukataliwa, na ni haki.

Jua kali na upepo mdogo si ahadi. Mawimbi marefu yaliyozaliwa na dhoruba ya mbali hupandisha boti hata bahari ikionekana shwari. Nahodha hugeuza meli ili jukwaa liwe upande wa demani, uliokingwa na upepo. Wimbi likizunguka hadi huko, safari hufutwa. Msiwatukane mabaharia kwa hilo.

Kurudi kuna foleni yake. Kisiwani Santorini, Ugiriki, wanaoteremka kwa gari la kamba kutoka Fira, mji ulio juu ya genge, hupanga mstari kabla hawajaiona boti. Muda wa boti ya mwisho ni wa kuwa umeshafika gatini, si wa kuanza kuteremka. Meli husubiri matembezi iliyoyauza yenyewe. Aliyejitembeza peke yake anaweza kuachwa. Simu hujibadilisha kufuata saa ya nchi, na meli huenda inatumia nyingine, basi vaa saa ya mkono uliyoilinganisha na ya meli kabla ya kushuka.