Hilux ya D-4D iliyobeba mizigo: kagua hivi kabla ya kulipa

Ndugu, umeuliza uangalie nini kwenye Toyota Hilux ya 2008, dizeli ya lita 2.5 (D-4D ni jina la Toyota kwa injini hizi za dizeli), iliyokuwa ikibeba mchanga. Mwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika. Ukikuta injini imeshapata joto, rudi siku nyingine, maana ikishapashwa huficha ugumu wa kuwaka na moshi wa asubuhi.

Injini hizi zina ugonjwa wake. Washa za shaba (vipete bapa vya kuzibia) chini ya injekta, yaani vipulizia mafuta, zikichoka, gesi ya mwako inapenya hadi kwenye oili, masizi yanaganda na kuziba chujio la kunyonyea oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini). Oili haipandi, beringi zinakufa. Mlipe fundi afungue sampu alitazame hilo chujio. Muuzaji akikataa katakata, ningeiacha.

Kisha washa, fungua kifuniko cha oili na ukilaze kichwa chini juu ya tundu lake. Kikirushwa kwa nguvu, huenda ringi za pistoni zimechoka. Moshi wa buluu usioisha ni oili inayoungua.

Chasisi usiitazame kwa kuinama tu, lala chini na tochi. Gonga kwa nyundo ndogo pale springi za nyuma zinaposhikwa. Sauti butu ni kutu. Rangi nyeusi mpya kwenye kipande kimoja mara nyingi imefunika weldi. Namba ya chasisi ilingane na kadi ya gari, tarakimu kwa tarakimu.

Four-wheel (magurudumu yote manne yakivuta) ijaribu kwenye udongo, si lami, usije ukaumiza difu, yaani gia za kwenye ekseli.