Swali la msomaji: Kwa nini picha ya laptopu ina ukungu kwenye runinga ya HD?

SWALI: Assalaam aleikum, fundi. Nina laptopu iliyotumika, ya aina zile za ofisi zinazoletwa kutoka Uingereza, na hivi karibuni nimenunua runinga ya inchi 43 iliyoandikwa Full HD. Nimeziunganisha kwa waya wa VGA. Picha inatoka, lakini nyuso za watu zimenenepa, maandishi yana ukungu, na sauti inabaki kwenye laptopu. Muuzaji mmoja wa Barabara ya Digo amenishauri ninunue waya wa HDMI wa bei ghali wenye ncha za dhahabu. Je, utanisaidia? Msomaji, Kisauni.

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Waya wa HDMI utakufaa sana, lakini ughali wake hautakufaa kitu, na hata ukiufunga leo huenda ukungu ukabaki pale pale iwapo hutarekebisha mipangilio ya laptopu na ya runinga yenyewe. Picha safi hupatikana pale laptopu inapotuma idadi ile ile ya pikseli, yaani vidoa vidogo vya rangi vinavyounda picha, iliyomo kwenye kioo cha runinga, na runinga ikazionyesha bila kuzigusa.

Nianze na nyuso zilizonenepa. Kioo cha Full HD kina pikseli 1920 kwa mapana na 1080 kwa kimo, yaani 2,073,600 kwa jumla. Waya wa VGA usipoifikishia laptopu taarifa za kuitambulisha runinga, jambo la kawaida kwa waya uliochakaa au uliopungukiwa na pini, mara nyingi laptopu hujihadhari kwa kutuma 1024 kwa 768, ambazo ni pikseli 786,432 tu. Hapo runinga hulazimika kubuni zaidi ya nusu ya kile inachoonyesha, na ukungu unaouona ni matokeo ya ubunifu huo. Isitoshe, 1024 kwa 768 ni umbo la 4 kwa 3, ilhali kioo chako ni cha 16 kwa 9. Kwa hiyo kila kitu hutanuliwa mapana kwa thuluthi moja, na mtangazaji mwembamba wa habari anakujia kama aliyekula harusi saba.

VGA ililetwa na IBM mwaka 1987, zama za skrini zenye chogo. Hubeba picha kwa njia ya analogi, kama umeme unaopanda na kushuka, na runinga ya kisasa inapaswa kukisia kila pikseli inaanzia wapi. HDMI, iliyotolewa mwaka 2002, hubeba picha kama tarakimu, na sauti hupita humo humo. Tarakimu zikifika, zimefika: waya mbovu wa HDMI huleta vimetameta, au kioo kuzima na kuwaka, wala hauleti maandishi yenye ukungu kidogo. Kwa umbali wa mita mbili kutoka mezani hadi runingani, waya wa kawaida kabisa unatosha kwa Full HD. Ubora wa waya huanza kuwa na maana unapoupitisha ukumbini kwa mita kumi au zaidi. Kuhusu dhahabu, nimtendee haki muuzaji wako: haiongezi ubora wa picha hata chembe, ila haishiki kutu, na hewa yetu ya chumvi huzila ncha za nyaya upesi. Ikiwa tofauti ya bei ni ndogo, ichukue kwa sababu hiyo tu.

Kabla ya kununua chochote, kagua ubavu wa laptopu. Nyingi za ofisi hazina tundu la HDMI bali zina tundu la DisplayPort, linalofanana nalo ila kona yake moja imekatwa. Ukilikuta, nunua waya au adapta ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI, na useme wazi unatoka wapi kwenda wapi, kwa kuwa adapta hizi kwa kawaida hazifanyi kazi kinyumenyume. Ikiwa kweli una VGA peke yake, utahitaji kigeuzi chenye saketi ndani, kinachopata umeme kupitia USB na chenye waya mdogo wa kuchukua sauti kutoka tundu la vipokea sauti. Waya mtupu wenye VGA upande mmoja na HDMI upande wa pili, bila saketi yoyote, hauwezi kugeuza analogi kuwa dijitali. Usiununue.

Ukishaunganisha, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P. Watu wengi huchagua kurudufu picha kwenye skrini zote mbili, na hapo ndipo wanapojipunja: skrini za laptopu nyingi za zamani ni za 1366 kwa 768, na katika kurudufu runinga mara nyingi hushushwa hadi kiwango hicho. Chagua skrini ya pili pekee, au kutandaza, yaani runinga iwe mwendelezo wa skrini ya laptopu, kisha ingia kwenye mipangilio ya skrini uhakikishe runinga imepewa 1920 kwa 1080. Maandishi yakiwa madogo mno, usipunguze pikseli. Ongeza ukubwa wa maandishi hadi asilimia 125 au 150. Sauti isipohama yenyewe, bofya alama ya spika na uchague runinga.

Sasa chukua rimoti. Runinga nyingi bado hukuza picha kidogo na kukata kingo zake, desturi iliyobaki kutoka enzi za chogo, na kukuza huko huharibu ulinganifu wote tulioutafuta. Utaitambua kwa kuona upau wa chini wa Windows umeliwa. Kwenye LG tafuta “Just Scan” katika ukubwa wa picha, na kwenye Samsung “Screen Fit” au jina linalokaribiana nalo. Kisha lipe tundu unalolitumia jina la PC, ikiwa runinga inaruhusu, kwa kuwa katika runinga nyingi jina hilo huizuia kupunguza taarifa za rangi, upungufu unaofanya maandishi mekundu juu ya weusi yasomeke kwa taabu. Ukali wa picha ushushe hadi sifuri au karibu yake: ukali unaoongezwa na runinga ni mistari myeupe inayochorwa kandokando ya herufi, wala si undani mpya.

Filamu iliyopakuliwa ikiwa na mistari 480 tu ya pikseli kwa kimo, hata hivyo, itabaki ya mistari 480.

Ikiwa baada ya haya 1920 kwa 1080 haimo kabisa kwenye orodha, zima vyote viwili, uchomoe nyaya za umeme na uunganishe upya, ukiwasha runinga kwanza na laptopu baadaye, ili taarifa za utambulisho zisomwe wakati wa kuwaka. Jaribu tundu jingine la HDMI, kisha usasishe programu endeshi (driver) ya kadi ya picha. Ikishindikana, azima adapta nyingine kabla ya kumlipa fundi, kwa maana katika mlolongo huu adapta ndicho kiungo dhaifu zaidi.