React na Django: weka vyote kwenye domeni moja

Wadau, mtu akinifuata inboksi kuuliza jinsi ya kupandisha hewani mfumo wa React (sehemu anayoiona mtumiaji) na Django (sehemu ya nyuma, ya Python), kabla ya yote namwambia weka vyote viwili kwenye domeni moja. Najua video nyingi zinakuonyesha React iende huku, Django iende kule, halafu unaanza kupambana na CORS (sheria ya brauza kuhusu ukurasa wa anwani moja kusoma data ya anwani nyingine) na kuki zinazogoma kutumwa na mteja anakupigia simu.

Mimi nachukua seva moja ya Ubuntu nafunga Nginx, programu inayopokea maombi ya brauza. Njia yoyote inayoanza na /api/ au /admin/ inaenda kwa Gunicorn (inayoendesha Django) kwenye 127.0.0.1:8000, zilizobaki Nginx inatoa mafaili ya folda ya dist, yaani React iliyokwisha kujengwa. Brauza inaona anwani moja tu, CORS haina pa kuingilia. Kwenye React usiandike localhost popote, andika /api/ basi, maana variabo za VITE_ (mipangilio ya Vite, zana inayojenga React) zinagandishwa ndani ya mafaili pale unapopiga npm run build, ukizibadilisha baadaye kwenye seva hakuna kinachotokea mpaka ujenge upya.

Halafu kuna ile mtu yuko /wateja/12, akirifreshi anapata 404. React haina kosa hapo, Nginx inatafuta faili la jina hilo na halipo. Kwenye mipangilio ya Nginx, ndani ya location / weka hii:

try_files $uri /index.html;

Ukiona 502 usianze kukagua JavaScript, hiyo ni Nginx imebisha hodi kwa Gunicorn hakuna mtu, piga journalctl -u na jina la huduma yako usome mistari ya mwisho ya kumbukumbu zake, mara nyingi utakuta maktaba haijafungwa kwenye venv (mazingira ya Python ya mradi wako). Na Gunicorn iendeshwe na systemd (msimamizi wa huduma za Linux) yenye Restart=always, iwashwe tena ikizima, jamani, sio uiwashe kwenye terminali halafu ufunge laptop.

Seva ya RAM GB 1 inaweza kukwama ikijenga React, jengea kwenye laptop kisha tuma dist kwenye seva kwa rsync (amri ya kunakili mafaili), bando lako litapona maana mafaili ambayo hayajabadilika hayatumwi tena. Kwenye settings za Django, DEBUG iwe False, ALLOWED_HOSTS iwe na domeni yako. Cheti cha HTTPS cha Let's Encrypt ni bure ila hakidumu mwaka, kwa hiyo jaribu kama kitajihuisha kwa certbot renew --dry-run siku hiyo hiyo.

Proxi ya /api/ (kuelekeza maombi hayo kwa Django) iweke pia kwenye vite.config.js, kodi ile ile ifanye kazi nyumbani na kwenye seva bila kugusa kitu.