Msitupe kompyuta kwa sababu ya mazingira

Ndugu, umesema mteja wenu wa Uholanzi anataka mueleze mnavyopunguza madhara ya teknolojia kwa mazingira, na bosi wako ameshaamua: kompyuta zote 12 ziondoke, zinunuliwe mpya zisizokula umeme, na faili zihamie kwenye wingu, yaani seva za kukodi mtandaoni. Mimi huhudumia kompyuta za ofisi ndogo ndogo, nyingi ziko Industrial Area na Ngara, hapa Nairobi. Mzuie kabla hajalipa.

Hesabu ya Nairobi si ya Amsterdam. Karibu asilimia 90 ya umeme wetu hutokana na jotoardhi ya Olkaria, mabwawa, upepo na jua. (Mitambo ya mafuta huongezwa zaidi jioni, wakati ninyi mmeshafunga.) Laptopu inayokula wati 50, saa nane kwa siku, siku 250 kwa mwaka, hutumia uniti (kilowati-saa) 100. Hata nikiweka gramu 100 za hewa ya kaboni kwa kila uniti, napata kilo 10 kwa mwaka. Sasa tazama makadirio yanayochapishwa na watengenezaji wenyewe: laptopu nyingi ni kilo 200 hadi 300 kwa maisha yake yote, na sehemu kubwa imeshatoka kiwandani kabla hujafungua boksi. Ukinunua mpya ili uokoe uniti chache za Olkaria, hilo deni la kiwandani hutalimaliza.

Kwa hiyo kazi ni kuzifanya mlizonazo zidumu. Kila ofisi nasikia lalamiko moja, kwamba mashine imekuwa nzito. Ukifungua kifuniko cha chini, mara nyingi unakuta vumbi limejibana kati ya feni na vile vibati vya kupoza joto, limekuwa kama kipande cha blanketi. Hewa haipiti, prosesa inachemka, na ikichemka inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Brashi, pasti mpya ya kupitisha joto, basi. Kama ndani bado kuna diski ya kuzunguka, weka SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi) na uongeze RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi). Kwenye maduka ya Luthuli Avenue hukosi. Betri ikichoka, badilisha betri, si laptopu. Fundi anayekwambia "hii imeisha, nunua nyingine" kabla hata hajashika bisibisi, muulize kama anauza laptopu pia.

Najua utasema Windows 10. Ni kweli, Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za mtumba kutoka Uingereza hazikubaliki rasmi kwenye Windows 11. Lakini mtu ambaye siku nzima yuko kwenye barua pepe, kivinjari na lahajedwali anaweza kuwekewa Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, akazoea baada ya muda mfupi. Mhasibu mwenye programu inayotaka Windows pekee, huyo mpe mashine iliyo mpya kuliko zote. Hakuna haja ya kuhamisha ofisi nzima kwa ajili ya meza moja.

Jambo ambalo bosi wako hakulitaja kabisa ni jenereta. Lita moja ya dizeli hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ya kaboni, kwa hiyo lita nne zinapita umeme wa laptopu moja wa mwaka mzima. Na jenereta kubwa inayonguruma kwa ajili ya laptopu na taa mbili inachoma mafuta mengi bila kazi. Laptopu zina betri zake. Kinachokatika stima ikipotea ni intaneti, na ruta pamoja na kisanduku cha faiba havizidi sana wati 20. Betri ya lithiamu ya volti 12, ampea-saa 100, ina takriban uniti 1.2: vitu hivyo viwili vitashinda na kulala.

Wingu? Sawa, hasa kama mna seva ya zamani inayowaka usiku kucha na AC juu yake. Ila ulizeni seva za huko ziko nchi gani. Mkihamia panapotegemea makaa ya mawe, mmeacha umeme safi mkafuata mchafu.

Zile zilizokufa kweli zisiende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Yeye anataka shaba na alumini; kebo zinachomwa, betri zinatupwa jaani. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kuchakatwa rasmi. Tafuteni mpokeaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, muione hiyo leseni, na mdai cheti. Kabla ya hapo diski zifutwe kabisa au zitobolewe, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitajali kwamba mlikuwa mnatunza mazingira. Wala msizipeleke shuleni kama msaada ikiwa haziwaki. Mtakuwa mmewapa walimu kazi ya kuzitupa.

Kwa mteja, andaeni orodha ya kila kifaa na mwaka kilionunuliwa, kilichobadilishwa ndani yake, lita za dizeli mwezi kwa mwezi, na vyeti vya taka. Mholanzi atapenda hivyo kuliko picha za laptopu mpya.

Jenereta yenu ni ya kilowati ngapi, na mnaitia mafuta kiasi gani kwa mwezi? Weka hapa nikupigie hesabu ya betri.